Taima, ECU, sensa ya paipu au sensa ya tenki: mafuta ya jeti ya rimoti uyafuatilie na nini?

Jeti ya rimoti yenye tabaini ikishapaa huna pa kuchungulia tenki, na ubaya wake tabaini haiagi. Injini ya pistoni mafuta yakikaribia kwisha sauti inabadilika, inakohoa kidogo, unapata sekunde kadhaa za kujipanga, ila tabaini ikishameza hewa ya kutosha kupitia paipu ya mafuta moto unazimika hapo hapo, unabaki na mluzi unaoshuka na ndege nzito inayotaka kutua sasa hivi popote ilipo. Hata kama ECU yako (ile kompyuta ndogo inayoendesha injini) ina uwezo wa kuiwasha tena angani, haisaidii kitu kama kilichoizima ni tenki tupu.

Njia zinazotumika kufuatilia mafuta ni nne: taima ya rimoti, hesabu ya ECU kupitia telemetri (data ambayo ndege inaituma kurudi kwenye rimoti), sensa ya mtiririko kwenye paipu, na sensa ya kiwango kwenye tenki. Watu wanabishana sana ipi ni sahihi zaidi, mimi naona hilo swali halifikishi mtu mbali, manake zote zinakosea. Cha kuuliza ni hivi: siku ikikosea, itakosea upande gani? Ikikwambia mafuta yameisha wakati bado yapo unatua mapema, unanung'unika kidogo, basi. Ikikwambia yapo wakati yameisha, hapo ndo unaokota vipande.

Kwanza akiba

Kabla hata hujachagua kifaa amua akiba, yaani kiasi ambacho ukikifikia lazima uwe umeshatua. Tuchukue tabaini ya nyutoni 100 hivi, msukumo wa kama kilo 10. Ikiwa resi mwisho inakunywa takriban mililita 300 hadi 400 kwa dakika, na kwenye silensa, imetulia tu inaunguruma, bado inakunywa kama mililita 100. Tenki la lita 3 ukifungulia mwanzo mwisho bila kuachia, dakika nane au tisa hivi umemaliza.

Sasa fikiria unakuja kutua, mtu anakatiza kwenye ranwei, unapandisha resi unazunguka tena. Huo mzunguko mmoja unaweza kula dakika nzima na sehemu yake kubwa ni resi ya juu, kwa hiyo weka mililita 350. Mizunguko miwili ni 700, karibu robo ya tenki. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema akiba ya asilimia 20 hadi 25 sio woga, ni mizunguko miwili tu. Yeyote anayepanga kutua na asilimia 10 anapanga ranwei iwe tupu kila siku.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaziangalia zote nne kwa mambo yale yale. Inajuaje, yaani inahesabu kilichotoka au inaona kilichobaki. Ikikosea inakosea upande gani. Kuifunga na kuiseti kuna kazi gani. Na inamfaa nani.

Hicho cha kwanza kishike vizuri. Tatu kati ya hizi hazijawahi kuona mafuta yaliyobaki kwenye tenki hata siku moja, zinachukua ujazo uliowaambia zinatoa zinachodhani kimetumika, ni kama mtu anayehesabu pesa alizotumia bila kufungua pochi. Ukianza na tenki ambalo halijajaa, zote tatu zitakudanganya kwa ujasiri kabisa.

Taima ya rimoti

Inajuaje: haijui chochote kuhusu mafuta, inajua dakika. Kuna ya kawaida inayohesabu kushuka, mfano dakika saba inalia, na kuna inayofuata stiki ya resi, ukipandisha resi inakimbia ukishusha inapunguza mwendo.

Ikikosea: ile ya kawaida inakosea kulingana na mkono wako. Siku ya upepo unatumia resi nyingi, au una ndege mpya unaipandisha wima kila dakika, taima haina habari, inaendelea kuhesabu zile dakika za siku uliyorusha kistaarabu. Hapo inakosea upande mbaya, inachelewa.

Ile ya kufuata stiki inaonekana ya kijanja zaidi ila ina mtego wake ambao wengi hawauoni. Stiki ikiwa chini kabisa taima inasimama, sasa tabaini ikiwa silensa haisimami, inaendelea kunywa ile mililita 100 kwa dakika. Umewasha, umesubiri wenzako wawili watue, umetembeza ndege mpaka mwanzo wa ranwei, dakika tatu zimepita na mililita 300 zimeondoka, asilimia 10 ya tenki la lita 3, na taima bado inasoma kama umejaza sasa hivi. Dawa ipo, kama rimoti yako inaruhusu unaitengenezea taima mstari wake ili stiki ikiwa chini ihesabu kama theluthi ya mwendo badala ya sifuri. Kama hairuhusi, bora urudi kwenye ya kawaida na uianzishe pale injini inapowaka, sio pale unapopaa.

Kazi ya kuifunga: hakuna, iko tayari. Kazi iko kwenye kupima, nitaieleza chini.

Inamfaa: kusema kweli kila mtu, kama ngao ya mwisho. Sifa yake kubwa ni kwamba iko mkononi mwako, haitegemei mawimbi yarudi kutoka kwenye ndege. Ya peke yake inamtosha anayerusha ndege moja, mtindo ule ule, na anatua mapema bila kinyongo.

Hesabu ya ECU

Inajuaje: ECU inalinda mizunguko ya injini kwa kuipa pampu umeme zaidi au pungufu, kwa hiyo kila sekunde inajua inaisukuma pampu kiasi gani. Kutoka hapo inakadiria mililita zilizopita, inatoa kwenye ujazo wa tenki ulioiandikia, inakutumia jibu. ECU za JetCat, KingTech, Xicoy na wengine zinaweza kupeleka data kwenye telemetri za JETI, Futaba, Spektrum na kadhalika, zingine moja kwa moja zingine kwa kijisanduku cha katikati. Raha yake mafuta hayaji peke yake, unapata mizunguko, joto la moshi, betri ya pampu, vyote sauti ya rimoti inakusomea huku macho yako yako kwenye ndege.

Ikikosea: hapa ndo patamu kwa sababu inakosea pande zote mbili na sababu zake ni tofauti. Filta ikianza kuziba, pampu inabidi isukumwe zaidi kupitisha mafuta yale yale, ECU inaona umeme mwingi inadhani mafuta mengi yametumika, inakwambia yanaisha mapema. Huo ni uongo mzuri, tena ni dalili ya bure: ukiona hesabu ya ECU inazidi kile unachojaza kila unapotua, kafungue filta.

Uongo mbaya unakuja na pampu mpya. Pampu ikiwa mpya ni ngumu, ukaipima ikiwa ngumu ukaseti, baadae inalainika, sasa inapitisha mafuta yale yale kwa umeme mdogo na ECU inahesabu pungufu. Unasomewa asilimia 30 kumbe ni 20. Kwa hiyo pampu mpya, au pampu iliyofunguliwa, irudie kuipima baada ya kurusha mara chache. Pampu za brashlesi (mota isiyo na brashi) ambazo ECU inasoma mizunguko yake halisi zina unafuu mkubwa hapa, manake pampu ya gia kila mzunguko inasukuma ujazo karibu ule ule, hesabu haiyumbi sana na umeme.

Halafu kuna mambo mawili ya kizembe yanayoangusha ndege kuliko hayo ya kitaalamu. Moja, ujazo. Tenki limeandikwa lita 3, lakini kile kizito cha kunyonya, kilicho mwisho wa paipu humo ndani, hakifiki kila kona, kuna mafuta yanabaki chini hayanyonyeki. Ukiandika 3000 kwenye ECU umeanza na uongo tayari. Pili, ECU nyingine zinarudisha hesabu kwenye tenki kamili kila ukizima na kuwasha. Umewasha, umekaa silensa, kuna kitu hakikukaa sawa ukazima, umerekebisha ukawasha tena bila kujaza, na skrini inasoma asilimia 100. Jaribu ya kwako ikiwa chini uone inafanya nini, usisubiri kujua angani.

Kazi ya kuifunga: ndogo kama ECU yako ni ya kisasa, waya mmoja na kuseti menyu.

Inamfaa: mwenye injini ya sasa na rimoti yenye telemetri, ambaye hataki kuongeza kitu chochote kwenye njia ya mafuta. Kwa wengi hii ndo njia yenye faida kubwa kwa kazi ndogo.

Sensa ya mtiririko

Inajuaje: kuna kigurudumu kidogo ndani ya paipu kinazungushwa na mafuta yanayopita, kila mzunguko unatoa mipigo ya umeme, unaipa namba ya mipigo kwa lita inakupa mililita. Bado inahesabu kilichotoka, ila inahesabu mafuta yenyewe, haibahatishi kupitia umeme wa pampu.

Ikikosea: mapovu ya hewa yakipita yanahesabiwa kama mafuta, inasoma zaidi ya ukweli, huo ni upande salama. Upande mbaya ni uchafu. Kiunyuzi kimoja kikinasa kwenye kigurudumu, kinazunguka polepole au kinasimama, na sensa iliyosimama inakwambia hakuna kinachotumika, tenki limejaa, endelea kujirusha. Kwa hiyo weka alamu mbili, ya mafuta kidogo na ya mtiririko sifuri injini ikiwa inafanya kazi. Bila hiyo ya pili mimi nisingeifunga.

Kazi ya kuifunga: ndo ngumu kuliko zote tatu za kuhesabu. Umeongeza viungio viwili kwenye njia ya mafuta na kila kiungio ni mahali pa kuvuja au kunyonya hewa. Ukiiweka kati ya tenki na pampu, upande wa kunyonya, ule ubanaji wake mdogo unaweza kuzalisha mapovu na uvujaji hauonekani, hewa inaingia kimya kimya. Wengi wanaiweka baada ya pampu na baada ya filta, hapo ikivuja unaona mafuta, na uchafu umeshazuiwa. Soma presha ambayo sensa inavumilia kabla ya kununua, baada ya pampu kuna msukumo wa kweli.

Inamfaa: mwenye ECU ya zamani isiyotoa data, au mtu anayependa namba na yuko tayari kukagua paipu zake mara kwa mara. Kama hupendi kufungua ndege, pita.

Sensa ya kiwango kwenye tenki

Inajuaje: inaona. Hii pekee ndo inatazama mafuta yaliyopo. Jeti nyingi zina tenki dogo kati ya tenki kubwa na pampu, la kukamata mapovu, wengi wanaliita UAT kutokana na lile la Bob Violett Models. Tenki kubwa likishakauka ndo hili dogo linaanza kushuka, sasa sensa inawekwa pale juu ya tenki dogo na ikiona hewa inapiga alamu. Zipo za mwanga ambazo mwale unarudi tofauti ncha ikiwa kavu, na zipo za kubandika nje ya tenki zinazohisi kimiminika kupitia ukuta. Hizo za kubandika zinakubali plastiki na glasi ila tenki la kaboni zinakataa kwa sababu kaboni inapitisha umeme.

Ikikosea: haijali umejaza kiasi gani, haijali pampu imechoka, haijali mafuta yaliyomwagika kwenye paipu ya kupumulia ulipoigeuza ndege kichwa chini. Tatizo lake ni kuchelewa. Tenki dogo la mililita 200, resi ya juu mililita 350 kwa dakika, una sekunde 34 hivi toka alamu ilie. Ukishusha resi hapo hapo mpaka karibu na silensa unazivuta mpaka zaidi ya dakika moja, labda mbili. Inatosha kutua kama uko karibu na umeshajipanga, haitoshi kumalizia ule mzunguko mmoja wa mwisho. Pia inaweza kulia ovyo povu likipita, kwa hiyo inahitaji kucheleweshwa sekunde mbili tatu, ukiizidisha umekula zile sekunde zako chache.

Kuna sehemu moja ambayo hii haina mpinzani: ndege yenye tenki zaidi ya moja zilizounganishwa sambamba. Tenki hizo hazishuki sawa, moja linaweza kukauka na kuanza kuleta hewa wakati lingine bado lina nusu lita. Taima, ECU na sensa ya mtiririko zote zitakwambia mafuta yapo, na ni kweli yapo, ila hayafiki. Sensa kwenye tenki dogo inaona hewa inajikusanya inapiga kelele.

Kazi ya kuifunga: ya wastani. Ya ndani inataka tundu kwenye tenki, ya kubandika inataka mahali pakavu na pasipo na waya zenye kelele za umeme.

Inamfaa: ndege za tenki nyingi, ndege za michezo mikali, na yeyote anayejijua ana tabia ya kusahau kujaza.

Kitu kinachozihusu zote isipokuwa taima

Telemetri inasafiri kutoka kwenye ndege kurudi kwako na mara nyingi inakatika kabla udhibiti haujakatika. Ikikatika skrini nyingine zinabaki na namba ya mwisho, inakaa pale inang'aa asilimia 45 kana kwamba hakuna kilichotokea. Seti alamu ya kupotea kwa telemetri, na isikie sauti yake mara moja ukiwa chini ili angani usijiulize hiki ni nini.

Kupima, bila hii zote ni ramli

Chukua mizani ya kawaida ya jikoni au ya mizigo inayosoma mpaka gramu chache. Jaza ndege mpaka mwisho, pima dumu la mafuta, rusha dakika tano tu kwa mtindo wako wa kawaida, tua, zima, jaza tena mpaka pale pale, pima dumu tena. Tofauti ya kabla na baada ya kujaza mara ya pili ndo ulichotumia. Mafuta ya taa au ya ndege ni kama kilo 0.8 kwa lita, kwa hiyo gramu 1000 zilizopungua ni karibu lita 1 na robo. Dakika tano lita 1 na robo, ni mililita 250 kwa dakika. Tenki la lita 3, toa akiba ya 700, inabaki 2300, gawa kwa 250 ni dakika tisa na kidogo, weka taima nane. Namba hiyo hiyo linganisha na ilichosema ECU au sensa, rekebisha, rudia siku nyingine yenye upepo.

Diseli ni nzito kidogo kuliko mafuta ya taa, ukibadilisha mafuta badilisha na hesabu. Ile oili ya asilimia chache unayochanganya haisumbui kitu.

Sasa wewe uko wapi?

Unaanza na tabaini, ndege moja, tenki moja: taima ya kawaida iliyopimwa kwa mizani, na telemetri ya ECU kama ipo. Usiguse njia ya mafuta bado, una mambo ya kutosha ya kujifunza.

Una injini ya kisasa na rimoti inayoongea: ECU iwe ya kwanza, isome kila asilimia 10 ikishafika nusu, taima iwe nyuma yake. Zikitofautiana sana, ifuate inayosema mafuta machache.

ECU ya zamani, haitoi data: hapo sensa ya mtiririko inapata kazi, ila kama huna subira ya kukagua viungio taima peke yake na akiba nono haina aibu.

Tenki mbili tatu au ndege kubwa ya maonyesho: sensa ya kiwango kwenye tenki dogo sio ya hiari kwa maoni yangu, pamoja na kimoja cha kuhesabu ili ujue uko wapi kabla alamu haijalia.

Unarusha michezo mikali, wima na kichwa chini: usitegemee taima ya kawaida peke yake. ECU pamoja na sensa ya kiwango zinaendana vizuri, moja inakupa picha nyingine inakuokoa.

Umenunua ndege iliyotumika na hujui nani aliseti nini: futa ujazo ulioandikwa kwenye ECU, toa mafuta yote, jaza upya huku ukipima uone tenki linabeba na kunyonyeka kiasi gani hasa, na mpaka umalize kupima tua kwa taima tenki likiwa nusu.